Msiililie Ngoma Iliyo Hai

Usemi huu utausikia kwenye kikao cha harusi pale Kabwe, Mbeya, kwenye vipindi vya simu redioni, na katika hotuba ya mgeni rasmi siku ya mahafali. Unasema kwamba muziki wa asili wa Nyanda za Juu Kusini umekufa, na waliouua ni vijana wa bongo fleva. Anayetaka kuujua muziki wa Kiafrika ulio wa kweli apande gari aende kijijini kwa wazee, au aingie makumbusho, maana mjini hakuna kilichobaki ila kelele za kuiga.

Wanaosema hivyo si watu wa mzaha. Ni walimu, wachungaji, maofisa utamaduni na wazazi wetu. Wanasema kwa uchungu wa kweli, na wengi wao wameipenda ngoma kuliko wanaowacheka. Kwa sababu hiyo wanastahili kujibiwa kwa kirefu. Wamekosea historia, wamemkamata mtuhumiwa asiyehusika, na kosa lao linatugharimu: tukishakubali kwamba ngoma imekufa, hakuna tena anayedaiwa kuilisha.

Kwanza niwape haki yao. Wanasema wapigaji wa ligombo, zeze la Wahehe lenye nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa, ni wachache mno siku hizi. Ni kweli. Wanasema watoto wengi waliozaliwa mjini Mbeya hawawezi kuimba ubeti mmoja kwa Kisafwa au Kinyakyusa. Ni kweli pia. Wanasema midundo mingi inayopigwa leo imetengenezwa kwenye kompyuta, tena mingine imechukuliwa moja kwa moja kutoka amapiano ya Afrika Kusini. Sina ubishi. Walichokiona wamekiona sawasawa. Ninachokipinga ni hukumu waliyoitoa.

Tuanze na umri wa malalamiko haya. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge akatangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu, akauliza ni wangapi waliofundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Akasema wengi wamejifunza kucheza rumba, chachacha, twist na hata waltz, lakini ni wangapi wanaoweza kucheza, au hata waliowahi kuzisikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama? Mwaka 1962 bongo fleva ilikuwa bado miaka thelathini izaliwe. Mshitakiwa wa siku hizo alikuwa rumba.

Sasa tazama rumba iko wapi leo. Imepewa jina la heshima: zilipendwa. Wale wale wanaowalaani vijana kwa kuua asili ndio wanaofumba macho kwa raha zikipigwa nyimbo za Tancut Almasi, bendi iliyotamba Iringa katika miaka ya 1980 chini ya kampuni ya kukata almasi. Tancut ilikuwa na magitaa ya umeme, dramu za kizungu na tarumbeta. Ilikuwa na waimbaji pacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mtindo wake ulikuwa tawi la mti ule ule ambao hotuba ya 1962 iliuona mgeni. Leo hakuna mtu Iringa anayethubutu kusema Tancut haikuwa yetu. Novemba 1969 zamu ya kushitakiwa ilikuwa ya soul, ikapigwa marufuku Dar es Salaam kwa kisingizio hicho hicho cha kuharibu vijana. Miaka ya 1990 ikaja zamu ya rap ya Kiswahili. Kila kizazi kimekuta kesi tayari imeandikwa, kikajaza jina la mshitakiwa tu.

Turudi nyuma zaidi, kwa sababu huko ndiko hoja ya "asili safi" inakoanguka kabisa. Kando ya Ziwa Nyasa watu hucheza mganda, ambao upande wa Malawi huitwa pia malipenga. Wanaume husimama kwa mistari iliyonyooka, wamevaa suti au kaptula nyeupe, wanageuka kwa pamoja kama wako gwarideni, na wanapuliza vibuyu vinavyotoa sauti ya tarumbeta. Leo mganda ukiletwa kwenye sherehe ya kitaifa, mtangazaji huutambulisha kama ngoma ya jadi, na ana haki. Lakini mganda ulitokana na beni, ngoma iliyoanza pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za tarumbeta za Wazungu, ikasambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Vijana waliorudi vitani hawakuwa na tarumbeta za shaba, basi wakatafuta vibuyu. Wamisionari na maofisa wa kikoloni waliwaona kama wahuni wanaoiga wasichokijua, na wazee wao hawakukosa la kusema. Karne moja baadaye uigaji ule ni jadi yetu, na mzee wa kijiji anaulinda kwa wivu.

Mganda unatufundisha kwamba watu wa nchi hii hawajawahi kupokea sauti ngeni wakaiacha ilivyokuja. Wanaishika, wanaigeuza, wanaitia hesabu za miguu yao na maneno ya vijiji vyao, mpaka aliyeileta asiitambue. Anayedai muziki wa asili ni ule ambao haujawahi kuguswa na kitu cha nje anadai kitu ambacho babu yake hakukipiga.

Hata Hukwe Zawose, Mgogo anayetajwa kila mara kama nguzo ya asili, hakuishi kwa kanuni hiyo. Alipanua ilimba yake, ile marimba ya vidole ya Wagogo, akapiga zeze zenye nyuzi nyingi kuliko za wazee wake, akafundisha Bagamoyo, na katika miaka ya mwisho ya maisha yake akarekodi kwa lebo ya Real World huko Uingereza, akishirikiana na wapiga vyombo vya umeme. Alifariki Desemba 2003. Hakuna Mgogo aliyesema ameua ilimba. Aliitoa uani akaisimamisha mbele ya dunia.

Kama si bongo fleva, basi ni nani aliyepunguza sauti ya ngoma huku kwetu? Hili ndilo swali ambalo waombolezaji hawataki kuliuliza, kwa sababu majibu yake yanagusa nyumba zao wenyewe.

La kwanza ni kanisa. Wamoraviani na Walutheri wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na wamisionari wengi walioeneza dini katika nyanda hizi waliiona ngoma kuwa upagani. Aliyebatizwa alitakiwa kuiacha. Msiba wa Kinyakyusa, ambao mpaka miaka ya 1930 ulikuwa na ngoma na wanaume wanaocheza na mikuki kando ya kaburi, polepole ukajaa tenzi zenye tuni za Kijerumani. Haya yalitokea kabla ya kompyuta, na kabla ya mtoto yeyote wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, kushika kipaza sauti. Haki inataka pia niseme kwamba si wamisionari wote walikuwa hivyo. Traugott Bachmann, Mmoraviani aliyefanya kazi Mbozi kwa Wanyiha, aliwaachia waumini wamwimbie Mungu kwa tuni zao. Mwaka 1963 Padri Stephen Mbunga alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa aliandika maneno ya "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya Kihaya, na leo wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Marekani. Mlango ulipofunguliwa kidogo tu, tuni ya kwetu ilivuka bahari. Fikiria ni ngapi zilizozuiwa mlangoni kwa miaka sabini iliyotangulia.

La pili ni redio. Kwa miongo mitatu nchi ilikuwa na redio moja ya taifa, na mpaka leo kanuni za utangazaji zinataka vituo vitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza. Nakielewa kisa chake. Kiswahili kimetujenga, na sitaki taifa lenye redio za kugombanisha makabila. Lakini tusijifanye hatujui matokeo yake. Kijana wa Rungwe akiimba Kinyakyusa, nani atamtambulisha hewani, katika kipindi gani, na nani atadhamini? Nchini Kenya, ambako redio za lugha za kienyeji zilifunguka tangu mwaka 2000, mugithi ya Wakikuyu na benga ya Wajaluo zina soko, zina nyota na zina vijana. Sisi tulifunga dirisha la lugha, kisha tukamlaumu kijana kwa kuimba Kiswahili. Aliimba lugha tuliyomwambia ndiyo ya kuimbia.

Na ushahidi kwamba kiu ipo unaletwa na Wasukuma. Waimbaji kama Bhudagala na Nelemi Mbasando hawakusubiri ruhusa ya kituo chochote. Wanaimba Kisukuma, wanapiga picha zao, wanaziweka YouTube, na watazamaji wanafurika. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu na mifugo yao wamekuja na nyimbo hizo, na huku Mbeya si jambo la ajabu kupita kwenye kibanda cha kuuza simu ukakuta spika inapiga Kisukuma. Muziki huo una kinanda cha umeme na mdundo wa kompyuta. Una pia utani wa wafugaji, majigambo ya ngoma za mashindano na lugha ambayo redio haiitangazi. Nani atasema si asili? Na nani atasema si wa kisasa?

Nije sasa Mwanjelwa kwenyewe, kwa sababu wanaotuambia tuende kijijini kuutafuta muziki wanapita hapa kila siku masikio yameziba. Mwanjelwa iko kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, inapita jijini hapa. Kwa upande mwingine barabara inateremka Tukuyu na Kyela hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Sokoni hapa wanakutana Msafwa mwenye viazi vyake, Mnyakyusa wa ndizi, Mkinga mwenye duka, Mbena wa mbao, Mndali, Mnyiha wa kahawa, Msangu wa mpunga, na dereva wa lori anayetoka Lusaka. Kila mmoja amekuja na sikio lake.

Tembea hapo Jumamosi mchana. Msafara wa harusi unapita, mbele kuna gari la wazi lililojaa vijana wa matarumbeta, na ile bendi ya gwaride aliyoiiga babu wa mganda inapigwa tena, safari hii kwa shaba yenyewe. Bibi harusi akifika ukumbini, kina mama wanapokea kwa vigelegele na nyimbo za kilugha ambazo hakuna aliyezifundisha darasani. Wanazijua, na mabinti waliovaa sare wanazijibu. Baadaye MC anampa nafasi DJ, na mabinti hao hao wanacheza bongo fleva bila kuona wamehamia nchi nyingine. Kesho yake, Jumapili, kwaya inapanda jukwaani na kinanda. Sikiliza wanavyojibizana kiongozi na waitikiaji, sikiliza miguu inavyokanyaga, utajua mpigaji kinanda amelelewa na nani. Hata msibani, baada ya mahubiri, usiku ukiingia, wapo wanaoanzisha wimbo wa kwao na wengine wakauitikia.

Mtu akiniambia muziki wa asili hauko Mwanjelwa, namuuliza alikuwa anautafuta umevaa nini. Nadhani alikuwa anatafuta ngozi na manyoya. Sura hiyo ya asili, ya mchezaji aliyevishwa mavazi ambayo hayavai popote isipokuwa mbele ya wageni, tumeifanya kipimo. Kwa kipimo hicho watu wote wanaoimba wakiwa wamevaa kitenge na suruali wamehesabiwa kuwa wafu.

Naye kijana wa bongo fleva? Mwaka 2016 Diamond Platnumz alitoa wimbo "Salome" akimshirikisha Rayvanny. Rayvanny, jina lake Raymond Mwakyusa, ni mtoto wa Mbeya aliyeanza na rap hapa hapa jijini, na mwaka uliofuata alipata tuzo ya BET kule Marekani. Wimbo huo ulijengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli, Mhaya aliyevuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sauti na midundo ya Bukoba, kisha akafifia kwenye vyombo vya habari. "Salome" ulimrudisha. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa alipoanza kuimba walianza kumtafuta, wakamsikia katika sauti yake mwenyewe. Nani basi alimsahau Saida Karoli katika ile miaka ya ukimya? Walikuwa watu wazima wenye redio, kumbi na bajeti. Waliomkumbuka ndio wale tunaowaita wauaji.

Wazee wana methali kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Hii ya bongo fleva imekesha zaidi ya miaka thelathini, na waliokuwa watoto wake wa kwanza wana wajukuu. Sugu, mmoja wa waanzilishi wake, alikaa bungeni kwa ajili ya Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Methali nyingine wanayoipenda ni kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Naikubali. Lakini kwao kwa kijana wa Mwanjelwa ni Mwanjelwa, pamoja na barabara yake, kanisa lake, soko lake na lugha yake ya mjini. Anayemwambia kwao ni kijiji ambako hajawahi kulala anamnyang'anya kwao.

Narudi kwenye ligombo, kwa sababu nilikiri liko hatarini na sitaki kulikimbia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makazi Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika na mitambo ya kurekodi. Kwa Wahehe alimrekodi Pancras Mkwawa akiimba na ligombo lake. Nyimbo hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Baadaye zilitolewa kwenye CD na lebo ya Uholanzi. Mtoto wa Kalenga, Iringa, anayetaka kusikia ligombo la zama za babu yake anategemea kazi ya Mwingereza, maktaba ya Afrika Kusini na duka la Uholanzi. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 kwa heshima zote za serikali. Sauti ya ligombo haijawahi kupewa mapokezi kama hayo. Hilo si kosa la kijana mwenye kompyuta na spika mbili. Yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye angeichukua sauti hiyo akaifanyia kazi, laiti angeipata.

Ndiyo maana naona maombolezo haya yana madhara. Ofisa anayeamini ngoma imekufa ataita kikundi cha ngoma siku ya mgeni rasmi, atakisimamisha juani tangu asubuhi, kisha atakiaga kwa soda na nauli, wakati msanii wa jukwaani analipwa kwa mkataba. Mtu hamlipi marehemu. Mwalimu anayeamini hivyo atafundisha ngoma wiki mbili kabla ya mashindano ya shule na kuiacha siku ya pili yake. Mtangazaji anayeamini hivyo atapiga wimbo wa kienyeji bila kutaja aliyeuimba wala kijiji chake, kana kwamba umejiimba wenyewe. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inagusa hata sanaa za jadi, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Tunajua pia watu wakiitwa wanakuja. Tamasha la ngoma za jadi lililoanzishwa na taasisi ya Tulia Trust pale Tukuyu limeonyesha kwamba vikundi vipo, vina wachezaji, na vina vijana ndani yake. Swali linalobaki ni nini kinawalisha wachezaji hao siku nyingine za mwaka.

Basi yanayotakiwa yako wazi, na hakuna hata moja linalohitaji kijana anyamazishwe. Vikundi vya ngoma vilipwe kwa mkataba kama msanii mwingine yeyote anayepanda jukwaa la halmashauri. Redio za Mbeya na Iringa zitenge saa za nyimbo za kilugha, zitambulishwe kwa Kiswahili, na jina la mwimbaji na kijiji chake litajwe kila wimbo. Nakala za rekodi za 1950 zitafutwe, ziletwe Iringa, ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi na prodyuza wanaweza kuzisikiliza na kuzitumia kwa haki. Mpigaji wa ligombo aliyebaki aajiriwe kufundisha angali na nguvu za vidole. Kwaya ziagize tuni kutoka kwa watunzi wa hapa na ziwalipe. Na wewe unayetaka kuujua muziki wa Afrika, wa zamani na wa sasa, anza na ulipo: muulize mama anayeimba harusini wimbo ule ni wa nani, kisha muulize prodyuza wa mtaani amechukua wapi mdundo wake. Majibu yao yatakutana njiani.

Hayo yote yako ndani ya uwezo wa watu wanaoomboleza. Wana ofisi, madarasa, mimbari, vituo vya redio na mifuko. Kijana wa Mwanjelwa hana hata kimoja kati ya hivyo, na bado ndiye anayetengeneza nyimbo ambazo wajukuu wake wataziita za asili. Ligombo likija kukosa mpigaji wa mwisho, asitafutwe muuaji studio za Mwanjelwa. Tutakuwa tumeliua sisi tuliokuwa na uwezo wa kulilipa tukachagua kulililia.